Gari la baba liko chini ya mwembe, na ndugu zangu wanataka kuliuza

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu, nina miaka 39, nimeolewa na naishi Buswelu, Mwanza. Ni binti wa mwisho kati ya watoto watano. Baba yetu alifariki mwaka jana mwezi wa tisa. Ameacha nyumba ya Nyegezi anakoishi mama, shamba la mpunga Magu, ng'ombe kumi na mmoja, na gari. Nyumba, shamba na ng'ombe havijatugombanisha. Tunachogombania ni gari.

Ni Peugeot 404 ya mwaka 1967, ile ndefu yenye viti safu tatu, rangi ya maziwa. Baba aliinunua mwaka 1974 akiwa karani wa ushirika wa pamba, kwa mtu aliyekuwa anahama nchi. Wote watano tulipelekwa kliniki humo, tukapelekwa shule ya bweni humo. Dada yangu wa pili alizaliwa humo ndani, kwenye foleni ya kivuko cha Busisi, na mpaka leo nyumbani tunamwita Pijo. Miaka ya tisini, mshahara ulipokuwa haufiki mwisho wa mwezi, baba aliwabebea watu kayabo, sangara wa chumvi, kutoka soko la Mwaloni. Harufu haijatoka, na mimi siichukii.

Aliacha kuendesha mwaka 2018 macho yalipomsumbua. Akalifunika turubai chini ya mwembe, na kila Jumamosi alikuwa analiwasha dakika tano kisha analizima, mpaka betri ilipokufa. Halijatembea tena.

Mwezi mmoja kabla ya kutuacha, tulikuwa barazani mimi, yeye na mama. Akasema, "Hili ni lako. Wewe ndiye uliyekuwa unanishikia tochi." Ni kweli. Kaka zangu walikuwa wanakimbilia mpira, mimi nashika tochi na kupokea spana. Mwezi huohuo aliniomba nimzungushe na gari lake hata mpaka Capri Point akaone ziwa. Nikamwambia tusubiri likizo ya Desemba. Shangazi, hilo linaniamsha usiku.

Sasa kaka mkubwa, aliyeko Dar, ndiye Mahakama ya Mwanzo ilimteua mwezi wa kwanza kuwa msimamizi wa mirathi. Anasema hakuna karatasi yoyote inayonipa gari, na kwamba mali ya baba haihamii kwa binti aliyeolewa. Ana mteja mwenye biashara ya magari ya harusi, anatoa milioni nne. Anaongeza kwamba gari linadaiwa ada ya barabara ya miaka yote liliyolala, kwa hiyo nitarithi deni. Kaka wa pili anasema liende kwa watu wa chuma chakavu, wametaja laki nane.

Mume wangu hana neno, ila alileta fundi kutoka Nyakato. Fundi alilitazama dakika kumi, akasema injini hii ilitaka petroli ya zamani yenye risasi ambayo haipo tena, kwa hiyo dawa ni kufunga injini ya Toyota, "utaenda nalo Dar, dada". Akasema pia anaweza kuunga betri ya lori aliwashe siku ileile. Nikamzuia, sijui kwa nini.

Ndani nimekuta kofia ya baba, miwani, na daftari lenye mwandiko wake: tarehe, kilomita, oili. Sijagusa kitu. Je, nina haki na gari hili? Nifunge injini ya Toyota? Au niliache kama lilivyo, liwe kumbukumbu? Mama anasema kitu kimoja tu: msiligombanie mbele yangu.

Mshika tochi, Buswelu

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Umefanya vizuri kumzuia yule fundi. Nitakueleza kwa nini, lakini kwanza tumalizane na kaka yako, maana gari lisilo na mwenyewe halina fundi wa kulitengeneza.

Kaka yako ana haki katika neno moja, amekosea katika jingine. Maneno ya baba barazani yalikuwa ya kweli, ila kisheria hayakuwa wosia. Kwa taratibu za kimila zinazotumika kwenye Mahakama ya Mwanzo, wosia wa mdomo unataka mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Pale barazani mlikuwa watatu ukimhesabu na baba mwenyewe. Kwa hiyo usiende kwenye kikao cha ukoo na silaha ya "baba aliniambia". Utaambiwa ulete mashahidi, utamtazama mama, na mama ameshakuomba usimfikishe hapo.

Alipokosea ni hapo kwenye kuolewa. Ndoa haikufuti kwenye orodha ya watoto wa baba yako. Na usimamizi wa mirathi si umiliki. Msimamizi anakusanya, analipa madeni, anagawa. Ndani ya miezi minne tangu ateuliwe anatakiwa kupeleka mahakamani orodha ya mali na madeni yote kwa Fomu namba 5, kisha hesabu ya alivyogawa kwa Fomu namba 6. Gari lazima liwemo kwenye orodha hiyo, na likiuzwa, bei yake lazima iwemo kwenye hesabu. Kama aliteuliwa mwezi wa kwanza, bado mko ndani ya muda. Mpigie simu sasa, kabla hajasafiri na mteja wake.

Ukimpigia usimlilie, wala usimtajie tochi. Mwambie hivi: "Kaka, mteja wako ametoa milioni nne. Naomba gari lihesabiwe milioni nne kwenye fungu langu, mnipunguzie kwenye ng'ombe." Hapo atabaki na hoja gani? Hakuna aliyepoteza senti, na wewe hujaomba zawadi. Najua inauma kununua kitu ulichopewa. Lakini ng'ombe wawili watatu ni bei ndogo kuliko kaka, na mimi nimeona familia hapa Mwanza zilizoacha kuzikana kwa sababu ya cherehani. Likikubaliwa, liandikwe kwenye muhtasari wa kikao na wote watano mtie saini, Pijo naye akiwemo. Ndipo mwende TRA, mamlaka ya mapato, na kadi halisi ya gari, hati ya usimamizi, cheti cha kifo na namba yako ya mlipakodi (TIN), jina libadilishwe.

Deni la ada lisikutishe. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa kuanzia mwaka wa fedha 2017/18, ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta. Baba aliliegesha mwaka 2018, kwa hiyo miaka yote liliyolala chini ya mwembe haikuzaa ada hiyo. Kama kuna la nyuma ya hapo, dirishani watakuonyesha kwa namba ya gari. Bima ndiyo utaikata upya siku litakapoingia barabarani.

Mpaka kadi isome jina lako, usitoe hata elfu kumi ya spea. Wapo waliotengeneza gari la marehemu kwa mkopo wa benki, msimamizi akaliuza likiwa linang'aa.

Kuna kazi moja unaweza kuianza Jumamosi hii bila ruhusa ya mtu, kwa sababu ni kuhifadhi tu: toa lile turubai. Najua baba alilifunika kwa mapenzi. Ila turubai la plastiki lililolala juu ya bati linafungia unyevu ndani kama sufuria yenye mfuniko, na Mwanza hatuna shida ya unyevu, tunao wa kugawa. Mwembe nao unadondosha utomvu na majani, majani yanaziba vitundu vya kutolea maji chini ya kioo cha mbele, maji yanasimama, kutu inaanza kula kutoka ndani. Fyeka majani marefu chini ya gari, fungua milango likauke mchana mzima, chomoa nyaya za betri. Ukipata mabati manne na nguzo, lijengee paa lisilo na kuta. Upepo ndio dawa.

Watu husema ziwa ndilo linaozesha magari. Si kweli kivile, maji ya Victoria hayana chumvi kama ya Tanga. Lakini wewe umenitajia kayabo, na hapo nimeshtuka. Sangara wa chumvi amesafiri miaka mingapi kwenye sakafu ile? Maji ya chumvi yanachuruzika chini ya zulia na hayatoki yenyewe. Kwa hiyo harufu usiyoichukia ndiyo ramani yako. Ng'oa zulia la nyuma lote, chini ya kiti cha safu ya tatu hasa, gonga sakafu kwa mpini wa bisibisi ukisikiliza. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza. Halafu angalia chini ya milango, sehemu za kuwekea jeki, na ufungue boneti utazame kule juu shokapu za mbele zinakoshikwa na bodi. Hapo pa mwisho ndipo pa kuamua. Sakafu inachomelewa, lakini pale juu pakiwa pameoza na mtu amepaka pati na rangi, shokapu inaweza kutoboa bodi. Mlipe fundi bodi mzoefu alitazame kabla hamjakubaliana bei kwenye kikao. Milioni nne ni bei ya gari lenye mifupa.

Sasa yule wa injini ya Toyota.

Hoja yake ya petroli ya risasi ina miguu mifupi. Nchi za kusini mwa Sahara ziliacha petroli hiyo mwishoni mwa mwaka 2005. Baba ameendesha mpaka 2018. Miaka kumi na miwili injini hiyohiyo imekunywa petroli hii tunayokunywa sote, na haikufa. Kichwa chake ni cha alumini, na viti vya valvu, ambavyo risasi ilikuwa inavilinda, ni pete za chuma zilizopachikwa, zikichoka hubadilishwa.

Kufunga injini nyingine si jambo dogo kama alivyokwambia. Injini ya 404 haikusimama wima, imelazwa pembe ya digrii 45, ndiyo maana boneti lake ni fupi kwenda juu. Propela yake, ule mtaimbo unaopeleka mzunguko nyuma, haining'inii wazi kama ya Hiace, imo ndani ya bomba linaloungana na difu, zile gia za katikati ya magurudumu ya nyuma. Ukileta injini ya Toyota utaleta na giaboksi yake, kisha utakata bomba, kisha utabadilisha difu, kisha gia ya kwenye usukani itakosa pa kushika. Na namba ya injini imeandikwa kwenye kadi, kwa hiyo safari nyingine ya TRA. Mwisho wake utakuwa na Toyota mbovu iliyovaa koti la baba yako. Kuna magari mengi ya kufanyia majaribio hayo. Hili ni aina ileile iliyoshinda mashindano ya East African Safari mwaka 1966 na 1967 mfululizo, dereva akiwa Bert Shankland wa hapa hapa Tanzania, enzi barabara ni tope. Halihitaji msaada wa Noah.

Na betri ya lori? Mwanangu, gari lililolala miaka hii yote halishtuliwi. Oili imeshuka yote, kuta za silinda ni kavu, huenda kuna kutu nyembamba kama unga. Stata ikizungusha kwa nguvu, ringi za pistoni zinakwaruza. Mahali pa kuanzia ni kutoa plagi nne, kumimina kijiko kimoja cha chakula cha oili safi kila tundu, kuacha siku mbili, halafu kuzungusha injini kwa mkono. Baba lazima alikuwa na hendeli, ile inayopenya chini ya bampa la mbele. Mara nyingi huwa kwenye buti karibu na jeki. Ikizunguka laini mizunguko kadhaa, mshukuru Mungu. Ikigoma, ongeza oili na uache wiki, usimruhusu mtu kuning'inia kwenye spana.

Wakati unasubiri, tanki linashushwa. Petroli ya 2018 sasa ni gundi, na chini yake kuna kutu. Ukiiacha, itapanda mpaka kwenye kabureta na utalipa mara mbili. Kabureta yenyewe isafishwe na fundi wa hapa hapa. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa yetu ni pungufu takriban moja ya kumi ukilinganisha na Dar, na gari lililotegeshwa kule likifika huku linatoa moshi mweusi na kunywa ovyo.

Breki nimeziweka mwisho lakini ndizo za kwanza kununuliwa. Usitengeneze nusu. Mafuta ya breki hunyonya maji hewani, maji hula silinda ndogo za magurudumuni, na mipira ya breki, ile inayopitisha mafuta, huvimba ndani huku nje inaonekana mizima. Badilisha mipira yote, seti zote za raba za silinda, mafuta yote. Matairi nayo, hata kama yana rasta nzuri: soma tarakimu nne za mwisho pembeni, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2013 ujue ni wiki ya ishirini ya mwaka 2013, hayo ya kufugia maua. Rejeta usiijaze maji ya bomba peke yake, tia kulanti, maana alumini na maji matupu hawapatani.

Spea zipo, si kila kitu na si kila siku. Peugeot zilijaa Kenya kuliko kwetu, na maduka ya barabara ya Kirinyaga, Nairobi, bado ndiko wenye 404 na 504 wengi huanzia. Kutoka Mwanza ni kupitia Musoma na Sirari. Beba kile kilichoharibika mkononi, usiende na maelezo ya mdomo. Usikubali pia fundi alifungue gari lote kwa mpigo: sehemu moja ifunguliwe, ifungwe, ilipwe, ndipo nyingine. Magari ya zamani hayauawi na kutu tu, mengi yanafia kwenye maboksi ya gereji bubu, bolti zimechanganyika na mwenye gari ameishiwa.

Likishatembea, usilifanye la kwendea kazini. Na hapa naomba radhi kwa marehemu: ile ya kuliwasha dakika tano kila Jumamosi haikulisaidia. Injini haipati moto wa kutosha, mvuke unageuka maji ndani ya oili na kwenye ekzosi, betri inatoa kuliko inavyoingiza. Afadhali mara moja kila wiki mbili, lakini nusu saa nzima barabarani. Siku likiwa imara, toka Usagara nenda mpaka Kigongo, vuka lile daraja la kwenda Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Mpakie Pijo kiti cha nyuma, aone foleni aliyozaliwa imeisha.

Umeuliza kama uliache liwe kumbukumbu. Marehemu mume wangu alikuwa na 504 pikapu, akakataa kuiuza, akakataa kuitengeneza, akasema ni kumbukumbu. Ikawa banda la kuku. Nilitoa vifaranga kwenye dashbodi kwa mikono yangu hii. Kwa hiyo nasema wazi: ukipiga hesabu na mumeo mkaona hamuwezi, basi yule wa harusi si adui. Ataliosha kila Ijumaa na kulitembeza kila Jumamosi, litaishi kuliko chini ya mwembe. Wa laki nane ndiye wa kufungiwa geti.

Kuhusu Capri Point, sikiliza. Mwezi ule wa nane gari lilikuwa na betri iliyokufa, petroli iliyooza na breki ambazo nisingeziamini kushuka kilima cha Bwiru. Hata ungesema "twende" siku ileile, lisingetoka getini. Baba yako, aliyelijua kila bolti, alilijua na hilo. Alikuwa anaomba kukaa na wewe, na mlikuwa mmekaa.

Jambo moja bado, na ni la haraka kuliko unavyodhani. Hilo daftari. Difu ya 404 si kama ya magari mengine: ndani yake parafujo ya chuma inazungusha gurudumu la meno la aina ya shaba, na zipo oili za difu za siku hizi zenye dawa kali zinazokula shaba hiyo polepole. Fundi wa kawaida atamimina anayoimimina kwenye Canter, na hutajua mpaka ianze kulia. Giaboksi nayo ina oili yake. Baba alitembeza gari hilo miaka zaidi ya arobaini, maana yake alijua anachotia, na ameandika. Kofia na miwani viache hapo mpaka moyo wako uwe tayari, lakini daftari litoe leo, kabla mchwa na unyevu havijalifikia. Tafuta ukurasa wa difu, upige picha, unitumie. Nina jirani fundi mstaafu Igogo atakayeusoma nami, na mpaka tukujibu, mtu asifungue nati ya difu.

Shangazi